Casablanca na Monrovia Mjini Bujumbura

Mhadhara wa hadhara, Nyakabiga

Mwaka 1964 mwanasiasa wa Bujumbura hakuulizwa anatoka chama gani, maana karibu wote walikuwa UPRONA. Aliulizwa kama yeye ni Casablanca au Monrovia. Casablanca ni bandari ya Morocco, Monrovia ni mji mkuu wa Liberia, na wengi wa waliojiita kwa majina hayo hawakuwa wamekanyaga hata mmoja wa miji hiyo. Lakini majina hayo mawili yaliligawa bunge, yakavigawa vyama vya wafanyakazi na vya vijana, yakawatikisa mawaziri wakuu, na mwishowe yakasaidia kuamua nani abaki hai.

Asili yake ni mikutano miwili ya wakuu wa nchi za Afrika. Januari 1961, Ghana ya Nkrumah, Guinea, Mali, Misri na wenzao walikutana Casablanca wakitaka Afrika iungane haraka na isiwategemee wakoloni wa zamani. Mei mwaka huohuo nchi nyingine, nyingi zaidi na za tahadhari zaidi, zikakutana Monrovia. Miaka miwili baadaye, Mei 1963, pande zote mbili zilikaa meza moja Addis Ababa, zikaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na makundi yao yakafa. Kwingineko yalizikwa. Hapa Bujumbura yaliokotwa.

Swali la mhadhara huu ni namna nchi ya mbali, ambayo raia wengi hawaijui ilivyo, inavyogeuka kuwa alama ya chama, kiasi kwamba kuisifu ni kujitaja uko upande gani na kuilaumu ni kumshambulia jirani. Jibu lililozoeleka ni kwamba mabeberu huwagawa watu ili wawatawale. Lina ukweli, na ushahidi wake utatajwa hapa. Ila linamsahau mwenyeji aliyemkaribisha mgeni ili apate nguvu za kumshinda ndugu yake.

Kwa Burundi, ugomvi ulitangulia na rafiki akafuata. Kabla ya vyama palikuwa na Baganwa, watu wa nasaba ya kifalme, na miongoni mwa Baganwa palikuwa na Bezi na Batare, koo mbili zilizoshindana kwa vizazi juu ya nani awe karibu na ngoma ya ufalme. Mwami Mwambutsa wa Nne alikuwa wa Bezi. Chifu Pierre Baranyanka, aliyependwa sana na maofisa wa Kibelgiji, alikuwa wa Batare. Siasa za kisasa zilipoingia, mtoto wa Mwami, Louis Rwagasore, akaiongoza UPRONA. Watoto wa Baranyanka, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, wakawa vinara wa PDC, chama cha Kidemokrasia cha Kikristo. Mashindano ya zamani yakavaa suti.

Ubelgiji haikuficha inampenda nani. Rwagasore aliitwa mkomunisti, akawekwa kizuizini nyumbani Oktoba 1960, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarafa ambao PDC iliongoza. Naye hakukaa bila rafiki. Alimgeukia Julius Nyerere na TANU, na msaada ukaja kutoka Dar es Salaam. Waswahili wa Buyenzi, wafanyabiashara wa rejareja na akina mama waliokuwa wakisoma siasa za Tanganyika kama za kwao, walikuwa nguzo yake mjini. Kwa hiyo kufikia 1961, Mrundi aliyempenda Nyerere alijulikana ni UPRONA, na aliyewatetea Wabelgiji alijulikana ni PDC. Uchaguzi wa Septemba 18, 1961, uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, uliipa UPRONA viti 58 kati ya 64. Oktoba 13 Rwagasore akapigwa risasi katika hoteli ya kando ya ziwa. Mpiga risasi alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Waliotajwa kuwa nyuma yake walikuwa viongozi wa PDC, na Biroli na Ntidendereza walinyongwa Gitega Januari 1963.

Msikilizaji aliweke jina la Nyerere akilini. Litarudi likiwa limegeuzwa.

Baada ya kifo cha Rwagasore UPRONA ilibaki na ushindi mkubwa bila mrithi. Hapo ndipo mpasuko mpya ulipotokea, huu sasa kati ya Watutsi na Wahutu wa chama kilekile, na ndipo majina ya Casablanca na Monrovia yalipopata kazi. André Muhirwa, shemeji wa Rwagasore na waziri mkuu aliyemfuata, alihesabiwa upande wa Casablanca. Paul Mirerekano na Joseph Bamina walihesabiwa upande wa Monrovia. Kwa jumla Casablanca ilikuwa na Watutsi wengi na Monrovia ilikuwa na Wahutu wengi, ingawa wapo waliovuka pande zote mbili. Vijana wa Jeunesse Nationaliste Rwagasore na shirikisho la wafanyakazi la Augustin Ntamagara waliegemea Casablanca. Vyama vya wafanyakazi vya Kikristo, vyenye wafadhili Wakatoliki nchini Ubelgiji, viliegemea Monrovia. Januari 1962 vijana wa JNR walivamia mtaa wa Kamenge na wanaharakati wa Kihutu waliokuwa karibu na vyama hivyo vya Kikristo wakauawa. Damu ya kwanza ya mpasuko huo ilimwagika kabla nchi haijapata bendera, na kabla hajafika balozi hata mmoja wa China.

China ilifika baadaye. Uhusiano wa kibalozi kati ya Burundi na Jamhuri ya Watu wa China ulianza Desemba 1963. Na waziri mkuu wa wakati huo alikuwa nani? Pierre Ngendandumwe, Mhutu, mtu wa Monrovia. Wasimulizi wengi huruka hapo, pengine kwa sababu panaharibu hadithi nzuri. Urafiki na Beijing ulizaliwa chini ya serikali ya mtu ambaye baadaye angetajwa kuwa adui wa Beijing. Siku ulipotiwa saini haukuwa bado na chama.

Ulipewa chama na mambo mawili yaliyokuwa yakiendelea mipakani. La kwanza ni wakimbizi wa Rwanda. Tangu 1959 makumi ya maelfu ya Watutsi walikuwa wamekimbilia Burundi, na mwezi huohuo wa Desemba 1963 wapiganaji wao walivuka kwenda Bugesera wakashindwa, kisha kisasi kikawaangukia Watutsi waliobaki ndani ya Rwanda. Kwa Casablanca, wakimbizi hao walikuwa ndugu na onyo la yale yanayoweza kutokea Burundi. Kwa Monrovia, walikuwa watu wenye silaha wanaoelemea upande mmoja wa mizani ya nyumbani. La pili ni Kongo. Mwaka 1964 uasi wa Simba uliwaka mashariki. Uvira, ambayo mtu wa Bujumbura huiona ng'ambo ya ziwa hewa ikiwa safi, ilianguka mikononi mwa waasi mwezi Mei, na watu wa Gaston Soumialot walikuwa wakiingia na kutoka Bujumbura kama watu wenye ofisi. China iliwaunga mkono waasi wa Kongo na ikawakaribisha viongozi wa wakimbizi. Marekani iliiunga mkono serikali ya Kongo mjini Léopoldville. Bujumbura, mji mdogo wenye hoteli chache, ukawa chumba cha kungojea cha vita vya Kongo.

Ubalozi wa China wenyewe ulikuwa hotelini, katika Hoteli Paguidas katikati ya mji. Mei 1964 ofisa kijana wa utamaduni, Tung Chi-ping, alitoka hapo muda mfupi tu baada ya kuwasili nchini, akaenda kujisalimisha katika ubalozi wa Marekani. Alifichwa humo kwa wiki nyingi. Fikiria hali ilivyokuwa: balozi mbili katika mji ambao mtu huuvuka kwa miguu kabla jua halijawa kali, moja ikimtafuta kijana, nyingine ikimficha, na serikali ya Albin Nyamoya, iliyokuwa imempokea Ngendandumwe madaraka mwezi Aprili, ikibanwa katikati. Magazeti ya Magharibi yakapata shahidi wa kusema kwamba China inaitumia Burundi kama njia ya kwenda Kongo. Monrovia wakapata hoja ambayo hawakuitafuta. Casablanca, ambao wengi wao hawakuwa wamesoma hata ukurasa wa Mao, wakajikuta wanaitetea China kwa sababu wapinzani wao wanaishambulia.

Hivi ndivyo rafiki wa nje anavyobadilika kuwa mali ya chama. Hakuna kikao kinachoamua. Upande mmoja unapata kitu kutoka kwake, iwe fedha, nafasi za masomo, silaha au heshima tu ya kupokewa uwanja wa ndege. Upande wa pili unamlaumu. Upande wa kwanza unamtetea zaidi ya alivyostahili. Na baada ya miezi michache hakuna anayeuliza tena China inafanya nini. Kila mtu anauliza nani anayeuliza.

Januari 1965 Mwami alimrudisha Ngendandumwe kwenye uwaziri mkuu. Usiku wa tarehe 15, siku chache baada ya kuteuliwa, alikwenda hospitali kumtazama mkewe aliyekuwa amejifungua. Alipokuwa akitoka akapigwa risasi akafa. Kabla mwezi haujaisha, Burundi ilikata uhusiano na China na wanadiplomasia wake wakafukuzwa. Sasa mshukiwa mkuu wa mauaji alikuwa nani? Mkimbizi kutoka Rwanda aliyeajiriwa kama karani katika ubalozi wa Marekani. Kwa ushahidi uliokuwapo mezani, nchi iliyokuwa na maswali ya kujibu kuhusu mtumishi wake ilikuwa Marekani, na iliyofungiwa mlango ni China. Hilo halimaanishi kwamba Marekani ilimuua Ngendandumwe. Hakuna uthibitisho wa hilo, na kesi iliyofuata haikufika popote. Linaonyesha kwamba kufikia wakati huo lawama haikufuata ushahidi. Ilifuata kambi.

Uchaguzi wa Mei 10, 1965 uliwapa Wahutu viti 23 kati ya 33 vya bunge, lakini Mwami akamteua katibu wake, Léopold Biha, ganwa, kuwa waziri mkuu. Oktoba maofisa wa Kihutu wa jandarmeri walijaribu kupindua serikali. Biha akajeruhiwa, Mwambutsa akaondoka nchini asirudi tena kutawala. Kisha wakaja wapiga risasi wa upande wa pili. Bamina, Mirerekano na wabunge na maofisa wengi wa Kihutu waliuawa. Januari 1966 ikawa zamu ya Marekani: balozi wake, Donald Dumont, akaamriwa kuondoka kwa shutuma za kuwa karibu na wapanga njama. Ndani ya mwaka mmoja mji huu mdogo ulikuwa umewafukuza Wachina kwa ajili ya upande mmoja, na balozi wa Marekani kwa ajili ya upande mwingine.

Kinachofuata ndicho kinachofaa kuchunguzwa kwa makini kuliko vyote. Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero aliuondoa ufalme na kuwa rais. Serikali yake ilitoka kambi ileile iliyoitwa Casablanca na kuimba urafiki na China. Mtu angetegemea ubalozi ufunguliwe wiki inayofuata. Haukufunguliwa. Uhusiano ulirejeshwa Oktoba 1971, karibu miaka mitano baadaye, wakati Beijing yenyewe ilikuwa ikiingia Umoja wa Mataifa na kila mtu akipanga foleni. Walipokuwa wakigombea madaraka, China ilikuwa ya lazima. Walipoyapata yote, ikasubiri. Na Marekani, ambayo balozi wake alitimuliwa, iliendelea kununua kahawa ya Burundi kuliko mteja mwingine yeyote. Hakuna gunia lililorudishwa bandarini kwa sababu ya Dumont.

Majirani walikuwa na Casablanca na Monrovia zao, kwa majina mengine. Nairobi, Jaramogi Oginga Odinga alihesabiwa mtu wa Mashariki na Tom Mboya mtu wa Marekani, na kila mmoja alikuwa na wanafunzi wake ng'ambo, wengine Moscow, wengine vyuo vya Marekani. Aprili 1965 meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilitia nanga Mombasa ikiwa na silaha. Jomo Kenyatta akazikataa, akisema ni za zamani. Labda zilikuwa za zamani kweli. Lakini kama zingetoka London hakuna aliyeamini zingerudishwa, na kila mtu KANU alielewa kwamba aliyerudishwa baharini siku hiyo ni Odinga. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa Limuru, cheo chake cha makamu wa rais wa chama kilivunjwa vipandevipande, akaondoka na kuunda KPU. Chama hicho kikapigwa marufuku 1969. Ugomvi wa msingi ulikuwa mashamba ya walowezi, na nani atamrithi Mzee. Moscow na Washington ziliupa ramani.

Zanzibar ilikuwa hivyohivyo kabla ya 1964. Watu wa chama cha Hizbu walitazama Cairo ya Nasser, walikopeleka vijana wao kusoma. Afro-Shirazi walitazama TANU ya ng'ambo ya bahari. Mtu wa Ng'ambo au wa Mji Mkongwe angeweza kukisia kura ya jirani yake kwa redio anayoisikiliza jioni.

Isidhaniwe kwamba huu ni ugonjwa wa nchi changa. Kwa miongo mingi Washington ilikuwa na desturi kwamba kuiunga mkono Israel ni jambo la Warepublican na Wademokrati kwa pamoja. Machi 3, 2015 waziri mkuu Benjamin Netanyahu alihutubia Kongresi dhidi ya mkataba wa nyuklia na Iran, kwa mwaliko wa Spika John Boehner, Mrepublican, ambaye hakumshauri Rais Obama. Zaidi ya wabunge 50 wa chama cha Obama walisusia. Hapa mgeni mwenyewe alikubali kukaa upande mmoja wa nyumba, wiki mbili kabla ya uchaguzi wake mwenyewe nchini Israel, na matokeo yake yameendelea kuonekana. Ukraine ilipita njia tofauti kufika palepale. Mei 2022 Baraza la Wawakilishi liliidhinisha dola bilioni 40 kwa kura 368 dhidi ya 57. Aprili 20, 2024, baada ya miezi ya kuchelewesha, msaada wa takriban dola bilioni 61 ulipita kwa kura 311 dhidi ya 112. Waliokataa mara zote mbili walikuwa Warepublican watupu, na safari ya pili walikuwa wengi kuliko wenzao wa chama waliokubali. Vita vilikuwa vilevile na mvamizi alikuwa yuleyule. Kilichoongezeka ni kampeni ya urais.

Turudi Burundi, na kwa Nyerere.

Julai 25, 1996 Meja Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi. Siku sita baadaye viongozi wa kanda walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo, na nguvu iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo ilikuwa Mwalimu Nyerere, msuluhishi. Bujumbura inavikumbuka kwa foleni za petroli na bei za magendo. Kwa chama cha FRODEBU na waasi waliokuwa msituni, wakiwemo watu wa CNDD, vikwazo vilikuwa haki: dunia imeona. Kwa UPRONA na jeshi, vilikuwa uonevu wa wageni, na Nyerere akaitwa mpendeleaji wa Wahutu. Hicho ni chama kilekile cha Rwagasore, kikimtukana rafiki yuleyule aliyekilea. Vikwazo viliondolewa Januari 1999, Nyerere akafariki Oktoba mwaka huo, Mandela akachukua usuluhishi, na mkataba wa Arusha ukatiwa saini Agosti 28, 2000.

Sasa sogeza miaka 15. Aprili 2015 CNDD-FDD, chama kilichotoka msituni, kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea tena, na mitaa ikawaka. Hapa Nyakabiga, jirani na kampasi ya Mutanga, ambako wanafunzi wengi hupanga vyumba, watu hawahitaji kusimuliwa. Desemba 12, siku moja baada ya kambi za jeshi kushambuliwa, wakazi waliamka wakakuta miili barabarani. Siku tano baadaye Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika liliamua kutuma askari 5,000. Nkurunziza akasema watapigwa vita kama wavamizi, na mwishoni mwa Januari 2016 wakuu wa Afrika wakarudi nyuma. Machi Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali. Julai 30, siku moja baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupitisha azimio la kutuma polisi wasiozidi 228, maandamano yalielekezwa kwenye ubalozi wa Ufaransa, iliyokuwa imeliandaa azimio hilo, na wa Rwanda. China ilijizuia kupiga kura. Upinzani uliokuwa uhamishoni, chini ya CNARED iliyoundwa Addis Ababa, ulikuwa ukiziomba nchi hizohizo za Magharibi zibane zaidi.

Ukiweka 1996 na 2015 kando kwa kando, hotuba zinaonekana zimebadilishana wasemaji. Waliokuwa wakiomba dunia iingilie wakawa watetezi wa mipaka ya taifa, na baadhi ya waliolia uonevu wa vikwazo wakawa wanavishangilia vikwazo vipya. Mtu asiharakishe kuwaita wanafiki. Aliyeko Ikulu huona mlango wa nyumba. Aliyefukuzwa huona dirisha. Lakini raia aliyeumia kwa vikwazo vyote viwili ana haki ya kuuliza kwa nini hoja ya uhuru wa taifa ilihamia upande mwingine wa ukumbi pamoja na ufunguo wa Ikulu.

Hata kumbukumbu ya wafu ilivutwa humo. Oktoba 2018, ulipokuwa ugomvi na Brussels umepamba moto, serikali ilitangaza hadharani kwamba Ubelgiji ndiyo iliyokuwa nyuma ya mauaji ya Rwagasore, ikaahidi uchunguzi. Madai hayo yana msingi wa kuchunguzwa. Watafiti, Wabelgiji wakiwemo, wameandika mengi juu ya maofisa wa utawala wa 1961. Ila muda uliochaguliwa kuyasema uliwafanya wengi wayapime kwa chama cha msemaji. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu suala linalostahili kuwa la Warundi wote, yaani nani alimuua mwasisi wa uhuru wao, lilipokewa na nusu ya wasikilizaji kama hotuba ya chama.

Baadaye pepo zikageuka tena, na safari hii bila chama kubadilika madarakani. Évariste Ndayishimiye aliingia Juni 2020. Marekani ikaondoa vikwazo vyake Novemba 2021, Umoja wa Ulaya ukafuata Februari 2022. Waliokuwa mabeberu wakawa washirika wa maendeleo katika taarifa za habari za jioni. Kisha mwaka 2023 Burundi na Kongo zikaafikiana juu ya ushirikiano wa kijeshi, askari wa Burundi wakapigana mashariki mwa Kongo dhidi ya waasi wa M23, na Januari 2024 mpaka na Rwanda ukafungwa. Kinshasa, ambako miaka ya tisini watu wa Bujumbura walikuona kama maficho ya waasi wao, sasa ni rafiki wa damu kwa maana halisi ya neno hilo, kwa sababu kuna familia za Kirundi zilizozika vijana waliokufa huko.

Na hapa suala linachukua sura ambayo 1964 haikuwa nayo. Tatizo la Casablanca na Monrovia lilikuwa kwamba kila upande ulikuwa na balozi wake. Dawa iliyojaribiwa Novemba 1966 ilikuwa kuifanya UPRONA chama pekee, na Kenya ikafanya jambo linalofanana 1969. Ubishi kuhusu China au Marekani haukuisha. Uliondolewa tu mahali ulipoweza kusikika. Kura ya Washington ya 311 kwa 112 ni mfano wa ushabiki wa vyama uliozidi, hata hivyo kila mlipakodi aliweza kujua kiasi, masharti na jina la kila aliyekubali na aliyekataa. Ushabiki unaosemwa bungeni una faida hiyo. Unapokosa bunge la kusemewa, kuunga mkono rafiki wa nje hakubaki suala la chama tena. Kunakuwa kipimo cha uzalendo, na anayeuliza gharama yake anaulizwa yeye anatumwa na nani.

Katika uchaguzi wa wabunge wa Juni 5, 2025 CNDD-FDD ilitangazwa mshindi wa viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Kwa hiyo hakuna kambi ya pili ukumbini ya kuuliza askari wa Burundi walikwenda Kongo kwa masharti gani, nani anawalipa, na familia za waliokufa zinapewa nini. Maswali hayo si ya upinzani wala ya Kigali. Wabunge hao 100 wanaweza kuyauliza wao wenyewe, kwa jina la waliowachagua, na wananchi wa Nyakabiga wana wabunge wa kuwapelekea.